Robe ni ya kweli, mutu ni wa mashine

Mu kambi yetu hapa Kolwezi, mushahara haufikake mwisho wa mwezi. Njo maana bamama wanashona na kuuzisha nguo ku WhatsApp. Mama mmoja, bibi ya mwenzetu wa kazi, alitundika robe ya kikwembe ku ukuta, akapiga foto, akaiingiza mu programu ya intelligence artificielle. Kisha dakika kidogo, binti mrefu alitokea amevaa ile robe. Ule binti hajazaliwa na mutu.

Maombi yalikuja saba. Lakini wanunuzi watatu walirudisha nguo. Ku foto maua ya kikwembe yalikuwa makubwa, mikono ya robe mirefu. Mashine iliongeza vitu vyenye mushonaji hakushona. Deni ya kikwembe ikabakia ku nyumba.

Hatukatazi bamama kutumia ile programu. Tunasema: foto ya kwanza itengenezwe vizuri. Piga nguo pasi. Itandike juu ya shuka nyeupe, ao itundike wima, karibu na dirisha, asubuhi, pasipo flash. Piga mbele, nyuma, na karibu sana ku maua na ku mushono. Mahali penye foto haionyeshe, mashine inajibunia yenyewe. Kisha linganisha nguo na foto ya mashine. Kama kifungo moja kimebadilika, usiitume. Na kila mara tuma pia foto ya nguo yenyewe, na uandike wazi kama ule mutu ni wa mashine.

Makampuni makubwa yako mu ile njia pia. Mu 2023, Levi's ilitangaza kama itajaribu wanamitindo wa mashine. Watu wengi walikasirika, kampuni ikajibu kama haitaacha wanamitindo wa kweli. Mu 2025, Guess ilitia mwanamke wa mashine mu tangazo ndani ya gazeti Vogue la Marekani. Pale penye mwanamke wa mashine anasimama, mwanamitindo anaweza kukosa kazi, na mupiga foto, na mwenye kusuka nywele.

Sisi watu wa mine tunajua ile hadisi. Mashine inaingia, na hakuna mwenye kutuuliza. Lakini kuna mahali wafanyakazi walijitetea. Mwaka ule wa 2025, H&M ya Suède ilisema itatengeneza mapacha ya mashine ya wanamitindo 30, na kila mwanamitindo atabakia mwenye pacha yake na atalipwa. Mu New York, tangu mwezi wa sita 2025, sheria inaomba mwanamitindo akubali kwa maandiko mbele mwili wake kutumiwa mu mashine: kwa kazi gani, kwa muda gani, kwa feza ngapi.

Ile sheria haifike Kolwezi, lakini akili yake inaweza kufika. Kama mutu anakuja kupiga foto ya binti yako na kumupa franka kidogo, muulize kwanza: ile sura itaenda wapi, na itafanya kazi miaka ngapi? Aandike, atie sinyatire. Sisi hatushukake mu shimo pasipo kontra. Na mutoto wetu asitoe uso wake pasipo karatasi.