Pumzi na Waya Saa Saba Mchana

Gitaa lililopatanishwa asubuhi, umande ukiwa bado juu ya majani, usiliamini mchana. Hapa Kabambare, Maniema, mashariki ya Kongo, nimeliona hilo mara nyingi. Mara ya mwisho nilikuwa na vijana wawili, mmoja wa gitaa na mmoja wa filimbi, kwenye baraza la nyumba moja karibu na soko. Majirani walikuwa wamewaomba wapige wakati watu wanakula chakula cha mchana, bila kiingilio. Saa moja asubuhi noti zao zilikaa pamoja vizuri kabisa. Saa saba, noti ya kwanza ilipotoka, wote wawili waliacha kupiga wakatazamana.

"Yaya, umepanda," akasema wa gitaa.

"Sijapanda. Ni wewe umeshuka."

Wote wawili walisema kweli. Hewa ikipata joto, sauti hukimbia ndani yake kwa kasi zaidi. Kwenye joto la digrii 20 sauti huenda mita 343 kwa sekunde. Kwenye digrii 32 hufika mita 350. Filimbi ni bomba la hewa, na noti yake hutokana na muda ambao mtetemo unatumia kwenda na kurudi ndani ya bomba hilo. Safari ikifupika, noti hupanda. Tukihesabu hewa peke yake, noti ya LA iliyokuwa mitetemo 440 kwa sekunde asubuhi ingefika 449 mchana, yaani theluthi nzima ya nusu-toni. Pumzi ya mpigaji, kwa kuwa ina joto lake tangu mwanzo, hupunguza tofauti hiyo, lakini haiimalizi, na sikio halidanganyiki. Waya wa gitaa una tabia ya kinyume: chuma kikipata joto hurefuka, waya hulegea, noti hushuka. Basi jua lilelile humvuta mmoja juu na mwenzake chini.

Dawa yake haihitaji fedha. Mwenye filimbi avute kichwa cha filimbi nje kidogo ili bomba lirefuke. Mwenye gitaa akaze waya. Kabla ya hapo wote wakae robo saa kwenye kivuli kilekile watakachopigia, vyombo vikiwa nje ya mifuko, ili mbao, chuma na hewa vizoee joto la mahali. Kisha wapatane upya baada ya kila wimbo, bila kuona haya mbele ya watu. Msikilizaji anayeona wapigaji wanakaza na kulegeza kati ya nyimbo asidhani wamekuja bila kujitayarisha. Hiyo ni sehemu ya kazi, hasa kwetu ambako jua la saa sita linasimama utosini.

Muziki wa namna hii Wazungu huuita kwa jina la chumba. Tafsiri ya moja kwa moja, muziki wa chumbani, huleta picha ya kitanda na chandarua, kwa hiyo mimi siitumii. Nasema muziki wa baraza, kwa sababu baraza ndilo linaloonyesha sura yake halisi: watu wachache, wawili hadi wanane au tisa, wamekaa karibu, kila mmoja na neno lake, na hakuna anayesimama mbele na fimbo kuwaongoza. Katika orkestra kubwa, wapiga fidla kumi na wawili hupiga sauti moja. Mmoja akiteleza, wenzake wanamfunika. Barazani kila sauti ina mtu mmoja tu, na kosa lina mwenyewe.

Wanaanzaje pamoja bila kiongozi? Kwa pumzi. Mtazame mpiga filimbi kabla ya noti ya kwanza. Mabega yake yanapanda kidogo, na mwendo wa pumzi ile ndio mwendo wa wimbo utakaofuata. Akivuta taratibu, wimbo ni wa taratibu. Mwenye gitaa, ambaye mikono yake haihitaji pumzi yoyote, hujifunza kupumua pamoja naye, na wapigaji wazuri wa gitaa utawasikia wakivuta hewa puani kana kwamba wao ndio watakaopuliza. Ukikaa mstari wa mbele, sikiliza hilo.

Sasa tuje kwenye ndoa yenyewe ya pumzi na waya. Waya ukishakwanyuliwa, sauti yake kubwa kuliko zote ni ile ya mwanzo kabisa. Kuanzia hapo inafifia, na hakuna ufundi utakaoirudisha ila kukwanyua tena. Filimbi na klarineti hufanya kinyume: noti inaweza kuzaliwa ndogo, ikanenepa, ikakaa, ikaondoka polepole. Gitaa huweza kutoa noti nne au tano kwa pamoja. Filimbi ina moja tu. Kwa hiyo mtunzi humpa mwenye gitaa hatua za miguu na sakafu ya kukanyagia, naye mwenye kupuliza hupewa safari. Shida ni nguvu. Gitaa lisilo na umeme ni chombo cha sauti ndogo, na tarumbeta moja ikipulizwa kwa nguvu inalizima lote. Ndiyo maana katika jamii ya vyombo vya kupuliza, rafiki mkubwa wa gitaa amekuwa filimbi, hasa kwenye noti zake za chini ambazo ni laini na zina hewa nyingi. Anayemfuatia ni klarineti, kwa sababu inaweza kupulizwa kwa unyenyekevu hadi usijue noti imeanza lini. Mtunzi Mauro Giuliani aliandika muziki wa filimbi na gitaa kule Vienna mwanzoni mwa karne ya 19. Jacques Ibert alifanya hivyo mwaka 1935, na Astor Piazzolla wa Argentina mwaka 1986, alipoieleza historia ya tango kwa vyombo hivyo viwili tu. Yeye mwenyewe alieleza kwamba tango la kwanza kule Buenos Aires lilipigwa kwa filimbi na gitaa. Rio de Janeiro nako, katika miaka ya 1870, mpiga filimbi Joaquim Callado alikusanya magitaa kuzunguka filimbi yake, na hapo ukaanza muziki wanaouita choro. Bandari zile zilijaa watoto wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka pande za Kongo na Angola, na sioni namna ya kusikiliza muziki huo bila kuwakumbuka.

Kuna jambo moja kuhusu vyombo vya kupuliza ambalo huwashangaza wanafunzi kila mara. Chukua filimbi ya orkestra na klarineti ya kawaida, uzipime kwa rula. Zote mbili zina urefu wa sentimita 66 au 67 hivi. Lakini noti ya chini kabisa ya klarineti iko chini ya ile ya filimbi karibu oktavu nzima. Filimbi iko wazi pande zote mbili. Klarineti upande wa mdomo imezibwa na ulimi wa tete, na bomba lililozibwa upande mmoja hutenda kama bomba lenye urefu wa mara mbili. Jaribu nyumbani kwa kipande cha mwanzi: puliza juu ya ukingo kikiwa wazi chini, kisha ziba chini kwa kiganja, upulize tena. Utasikia sauti ikianguka.

Na mwanzi si lazima. Colin Turnbull, aliyeishi na Wambuti wa msitu wa Ituri katika miaka ya 1950, alisimulia jinsi alivyotegemea kuona baragumu la kale la mti katika sherehe yao ya molimo, akakuta ni bomba la chuma la kupitishia maji, lililochukuliwa kwa watengeneza barabara. Alisikitika. Wenyewe walimwambia kwamba linalia vizuri, na mti huoza. Wambuti walikuwa sahihi. Kinacholia ni hewa iliyo ndani, nalo bomba kazi yake kubwa ni kuipa hewa hiyo urefu na umbo. Kijana wa Kabambare anayetoboa bomba la plastiki la maji apate filimbi hapaswi kudharauliwa na mwenye filimbi ya fedha. Akitoboa matundu mahali pake, hewa italia ipasavyo.

Watu huniambia kwamba muziki wa baraza ni kitu cha Ulaya, sisi Maniema hautuhusu. Huwajibu kwa habari ya pembe. Katika karne ya 19 Kasongo na Kabambare vilikuwa vituo vikubwa vya biashara ya Waungwana, wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani. Mfanyabiashara Tippu Tip alikuwa na makao Kasongo, na kitabu cha maisha yake alichokitunga kwa Kiswahili kimejaa habari za frasila za pembe za ndovu. Pembe hizo zilibebwa vichwani na mabegani mwa watu, wengi wao wakiwa watumwa, mpaka Ziwa Tanganyika, Ujiji, Tabora, hadi pwani na Unguja. Kutoka Unguja sehemu kubwa ilikwenda Marekani, Connecticut, ambako mji mmoja ulipewa jina la Ivoryton kwa ajili ya viwanda vyake vya pembe. Kule zilipasuliwa vibao vyembamba na kugandishwa juu ya vitufe vya piano. Nusu karne nzima mabinti wa Boston na London walijifunza muziki wa sebuleni vidole vyao vikiwa juu ya ndovu, na miongoni mwa ndovu hao walikuwamo wa misitu yetu. Tulishalipa kiingilio cha muziki huu zamani sana, tena kwa bei isiyosemeka. Tukiusikiliza bure leo, hatudaiwi na mtu.

Tena Kongo ilishatoa wataalamu wake. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Mwenda alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, lakini katika "Masanga" sauti za juu na za chini zinajibizana hata msikilizaji aape kuna watu wawili. Yeye peke yake alikuwa baraza zima. Miaka minne baadaye, Juni 1956, bendi ya OK Jazz ilipoanzishwa Léopoldville, Franco, ambaye hata miaka 18 hakuwa ametimiza, alikaa na gitaa lake kando ya klarineti ya Jean-Serge Essous aliyetoka ng'ambo ya mto, Brazzaville. Pumzi na waya zilikuwa pamoja tangu siku ya kwanza. Gitaa la umeme lilikuwa limeshafika mjini humo, na kadiri spika zilivyokua, haja ya kupunguziana nguvu ilipungua. Sizichukii spika, nimezichezea sana. Lakini kijana aliyejifunzia mbele ya spika tangu utoto hajui kunyamaza ili mwenzake asikike, na hilo ndilo ninalotaka arudi kulijifunza barazani.

Kwa nini mchana? Kule London, vita vilipoanza mwaka 1939, kumbi zilifungwa usiku kwa hofu ya mabomu. Mpiga piano Myra Hess akaanzisha muziki wa saa ya chakula ndani ya jumba la sanaa la National Gallery, ambalo picha zake zilikuwa zimehamishwa. Kiingilio kilikuwa shilingi moja, na jambo hilo liliendelea hadi 1946, siku tano kwa wiki, karibu mara 1,700. Amsterdam nako, ukumbi wa Concertgebouw umejulikana kwa muziki wa mchana wa bure siku za Jumatano. Mchana hauhitaji taa. Kabambare hiyo peke yake ni sababu ya kutosha: hakuna jenereta, hakuna mafuta ya kununua, hakuna mama anayehofia kurudi gizani na watoto. Na Kasongo, mji wenye Waislamu tangu enzi za Waungwana, mpangaji mwenye adabu atasubiri watu watoke adhuhuri. Saa saba basi ndiyo saa yake, wakati wali umeshapakuliwa na sombe bado ina moshi, na dakika arobaini zinatosha kabisa. Viti viwekwe nusu duara, mgongo wa wapigaji ukielekea ukuta ili sauti ya gitaa irudishwe mbele badala ya kupotea uani. Mwenye filimbi akae nyuma ya mwenye gitaa kidogo, kamwe asikae mbele yake.

Vijana wangu wawili siku ile walihamisha viti kutoka ukingoni mwa baraza, ambako jua lilikuwa limeanza kulamba magoti ya mwenye gitaa, wakasogea hadi ukutani. Wa filimbi alivuta kichwa cha chombo chake nje kwa upana wa punje ya mchele, akapuliza LA, akaishikilia. Mwenzake alizungusha ufunguo wa waya wa tano taratibu, sikio limeinamia ubao. Kati ya sauti mbili zinazokaribiana pana mtikisiko, wa-wa-wa, unaozidi kuwa mpole kadiri zinavyosogeleana. Watoto waliokuwa na sahani mikononi waliacha kula. Mtikisiko ukapungua, ukawa mrefu, ukatoweka. Mabega ya mpiga filimbi yakapanda.