Mguu Usiosikia Moto

Leo tuzungumze juu ya maradhi ya sukari, na hasa yale yanayotendeka kwa mishipa ya fahamu.

Mishipa hiyo ndiyo matarishi wa mwili. Ukikanyaga msumari pale Kaloleni au Maringo, habari hupanda kutoka unyayoni hadi uti wa mgongo, na mguu huruka kabla hujasema "ai!" Kwa mtu mwenye afya, mishipa iliyo minene hupeleka habari kwa mwendo wa mita 50 hivi kwa sekunde. Lakini damu ikijaa sukari kwa miaka mingi, mishipa huharibika, pamoja na ile midogo ya damu inayoilisha. Habari huenda polepole, mwishowe hazifiki.

Mishipa mirefu huumia kwanza, kwa hiyo mambo huanzia vidoleni vya miguu: ganzi, au kuchomwachomwa usiku kama kwa sindano. Wengi husema ni baridi, au ni uzee. Tena maumivu yakiisha hushukuru, kumbe hapo ndipo hatari huanza. Katika kuwazuru wagonjwa nimemwona mzee aliyetembea kutwa na msumari ndani ya kiatu, akajua jioni kwa kuona damu kwenye soksi. Kidonda cha namna hiyo kikiachwa huweza kuleta kukatwa mguu. Mwezi wa Julai, watu wanapotia miguu katika karai la maji moto, mwenye sukari ayapime kwanza kwa kiwiko.

Na dereva je? Katika msongamano wa Jogoo Road jioni, mguu wenye ganzi haujui umekanyaga breki kiasi gani. Amwambie daktari wazi. Anayetumia insulini ana jambo lingine: sukari ikishuka chini ya 4 kwenye kipimo, ubongo hukosa chakula. Mikono hutetemeka, jasho humtoka, naye huchelewa kutambua hatari. Aegeshe kando, anywe soda yenye sukari, na asiondoke mpaka zipite dakika 45 baada ya sukari kurudi sawa. Kondakta atapiga kelele, mwache apige.

Kliniki wana uzi wa nailoni wa kugusa nyayo ukiwa umefumba macho. Uombe upimwe kila mwaka. Nyumbani, tazama nyayo zako kila jioni. Asiyeweza kuinama aweke kioo sakafuni, au amwite mjukuu amtazamie.