Rubela ina makundi mengi, chanjo ni ile ile



Huenda umewasikia watu kwenye foleni ya kliniki wakisema kwamba rubela ya hapa si ile ya kwetu, na kwa hiyo chanjo aliyopata mtoto kabla ya kukimbia haina kazi tena. Wengine husema ugonjwa umeletwa na wageni waliofika juzi. Katika maneno hayo kuna ukweli kidogo, na huo mdogo ndio unaopotosha.

Ni kweli virusi vya rubela havifanani vyote. Kirusi kinapozaliana mwilini hunakili vinasaba vyake, na katika kunakili hukosea hapa na pale. Makosa hayo hurithiwa, hata baada ya miaka mingi virusi vya sehemu moja vinakuwa na alama zake. Shirika la Afya Duniani limevigawa katika matawi mawili, na ndani yake makundi 13 yenye majina kama 1E, 2B na 1G. Kundi la 1G limewahi kuonekana Uganda.

Fikiria Kiswahili chetu. Mtu wa Bukavu, wa Kigoma na wa Mombasa wakifungua kinywa unajua nani katoka wapi, lakini wanaelewana. Maabara nayo husikiliza lafudhi ya kirusi. Ndiyo maana mtoto mwenye homa na vipele anaweza kutolewa damu kidogo, na mara nyingine kupitishiwa pamba kooni. Damu huonyesha kama ni rubela au surua, maana kwa macho yanafanana. Pamba husaidia kujua kundi la kirusi na njia kilikopitia. Kinachosomwa hapo ni vinasaba vya kirusi, si vya mtoto wako.

Wala kundi likijulikana si sababu ya kunyoosheana vidole. Mgonjwa huweza kuambukiza wiki nzima kabla vipele havijatoka, na wengine hawatoki vipele kabisa. Nani atajua aliyemwambukiza?

Sasa chanjo. Ile inayotumika katika nchi nyingi inatokana na kirusi kimoja, RA 27/3, kilichodhoofishwa Marekani miaka ya 1960. Kinahesabiwa katika kundi la 1a, lakini kinakinga makundi yote, kwa sababu sehemu za nje za kirusi ambazo askari wa mwili huzitambua hazijabadilika kiasi cha kuwapoteza. Si kama mafua makali, ambayo chanjo yake hurekebishwa mara kwa mara. Nchi za bara la Amerika zilithibitishwa mwaka 2015 kuwa zimeondoa rubela kwao. Kwa hiyo mtoto aliyechanjwa rubela Rwanda, ilikoanza kutolewa mwaka 2013, au Tanzania, mwaka 2014, kinga yake haipotei kwa kuvuka mpaka.

Ila soma kadi vizuri. Kadi ya Kifaransa iliyoandikwa VAR ni chanjo ya surua peke yake, na hiyo haikingi rubela. Iliyoandikwa RR ni surua na rubela pamoja. Ukiwa na VAR tu, au kadi ilipotea njiani, mwambie mhudumu. Kuchanjwa tena hakumdhuru mtoto.

Kwa mtoto rubela ni homa ndogo, tezi nyuma ya masikio na vipele vya siku tatu hivi. Anayeumia ni aliye tumboni. Mama akiambukizwa katika wiki 12 za kwanza, mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa kiziwi, na ukungu machoni, au na moyo wenye kasoro. Mama mjamzito hachanjwi rubela. Kinga yake ni watoto wa nyumbani na wa jirani waliochanjwa. Naye aliyechanjwa asubiri mwezi mmoja kabla ya kushika mimba.

Mwenye vipele abaki nyumbani siku 7 tangu vilipotoka, asiende shule wala kwenye mgao. Na wewe mama mjamzito, kama umekaa nyumba moja na mgonjwa wa vipele, mweleze mkunga mapema, usisubiri siku yako ya kliniki.