Upofu wa Wakubwa, Kutoka Thebes Hadi Gati la Mtwara

Bandari ya Mtwara, ambayo leo inajulikana kwa korosho, ilijengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikufika. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuwa wakipata mafuta ya kula kwa mgao, na mwaka 1947 serikali yao ikatangaza mpango wa kulima ekari 3,210,000 za karanga Afrika Mashariki na Kati, sehemu kubwa Tanganyika. Januari 1951 mpango ulifutwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikawa zimepotea. Gati lilikamilika mwaka 1954, mpango wenyewe ukiwa umeshazikwa, na reli ya Nachingwea, iliyojengwa kwa mpango huo huo, haikudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa. Anayetaka kujua watu wenye elimu na nia njema hufikaje hapo, nadhani tamthilia za kale zitamfaa kuliko mafaili ya serikali.

Chukua Mfalme Edipode, mchezo wa Sophocles ambao Samuel Mushi aliutafsiri kwa Kiswahili. Tauni inaua watu Thebes. Mfalme, mwenye macho mazima, anamwita mzee kipofu Teiresias amtajie mkosaji. Mzee anakataa, anabembelezwa, anatukanwa, mwishowe anatamka: mkosaji ni wewe. Edipode halichunguzi neno hilo hata kidogo. Anachotaka kujua ni nani kamtuma mzee, na papo hapo anamshuku shemeji yake Kreon kwamba anakinyemelea kiti. Kwa hiyo hakukosa habari. Aliletewa nyumbani kwake, kwa sauti kubwa, naye akampima msemaji badala ya kuyapima maneno. Kaizari wa Shakespeare, tunayemsoma katika tafsiri ya Nyerere, anapita njia nyingine akaangukia shimo lile lile: Artemidorus anamsihi asome barua yake kwanza kwa kuwa inamhusu yeye mwenyewe, na kwa sababu hiyo hiyo Kaizari anaiweka nyuma ya nyingine zote. Tumezoea kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Waandishi hawa walimtazama mkuu asiyesikia la mdogo.

Yupo atakayesema Edipode aonewe huruma, kwani yote yalikwisha kuandikwa. Ni kweli kwamba kumuua baba na kumwoa mama kulitabiriwa kabla hajayatenda. Lakini hakuna utabiri uliomwamuru amtukane Teiresias wala amtishe Kreon kwa kifo. Hayo aliyafanya mwenyewe, mbele yetu.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: wapangaji wa karanga hawakuwa madikteta, walitaka kulisha watu. Sawa, lakini Edipode naye alikuwa anaokoa mji. Haraka ya kuokoa ndiyo iliyomfanya kila anayesita aonekane adui. Mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield ulikagua nchi kwa wiki chache tu, sehemu kubwa kwa ndege, na kazi ikaanza bila shamba la majaribio. Ilianzia Kongwa, katika Ugogo, ambako ukame na njaa ni habari ambayo mzee yeyote angeisimulia kama angeulizwa. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Mvua ilipokatika, udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa kama tofali, na karanga zikanasa chini zisichimbike. Waziri wa Chakula wa Uingereza, John Strachey, aliendelea kuutetea mpango bungeni. Lawama zilitoka kwa wapinzani wake, chama cha Conservative, na bila shaka walikuwa na hamu ya kuiangusha serikali. Basi hata Kreon ndiye aliyeshika madaraka baada ya Edipode, na bado Teiresias alikuwa amesema kweli.

Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, aliitatiza hoja hii katika Kinjeketile, tamthilia ya mwaka 1969 kuhusu vita vya Maji Maji. Huko kiongozi ndiye anayeanza kuona. Kinjeketile anayatilia shaka maji ya kukinga risasi aliyoyatoa mwenyewe na kuwasihi watu wangoje, lakini imani yao imeshamtoka mikononi. Upofu, basi, si ugonjwa wa kiti cha enzi peke yake. Unahitaji umati unaotaka kudanganyika, na hata Strachey alikuwa na wapiga kura waliochoshwa na mgao.

Palipo na tofauti ni katika malipo. Kinjeketile alibaki gerezani, akikataa kuwaambia watu kwamba maji yalikuwa uongo. Edipode alijitoboa macho na kuomba afukuzwe mjini. Strachey, mwaka 1950, alihamishiwa Wizara ya Vita.