Upepo ni wa wote, lakini udongo uko na wenyewe



Siku moja gari inasimama mbele ya depo ya koperative. Wageni wanashuka na karata ya eneo letu mukononi. Wanasema wanaleta muradi mukubwa: umeme, barabara, kazi kwa vijana. Kisha wanaomba muzee fulani atie sahihi leo leo, mbele hawajarudi mujini. Tutafanya nini?

Huku kwetu Kongo, wageni wa namna hiyo wanakuja zaidi juu ya madini, miti ao mashamba makubwa. Kwa jirani zetu wa Kenya wamekuja pia juu ya upepo. Upepo unazungusha mabawa ya munara murefu, na mashine iliyo ndani inatoa umeme. Hakuna moshi, hakuna mazutu. Ni kitu kizuri. Juu ya nini basi wakulima wengine waliukataa? Tuangalie nafasi tatu.

Kinangop: muradi uliokufa

Kinangop iko kwenye milima ya kaunti ya Nyandarua. Watu wa kule wanalima viazi na mashu, wanafuga ng'ombe wa maziwa, na jamaa nyingi ziko na shamba dogo lenye hati. Kampuni ilitaka kusimamisha minara 38 katikati ya mashamba hayo, itoe megawati 60 hivi.

Kampuni iliongea na wenye mashamba ya kukodisha. Lakini munara hausumbui tu yule anayepokea pesa ya kodi. Jirani naye anasikia sauti yake na kuona kivuli cha mabawa kikipita nyumbani, na mufukoni mwake haingii kitu. Watu wakaanza kuuliza: afya yetu itakuwaje? Mifugo je? Tutafukuzwa? Bei hii ya kodi ilipangwa na nani? Pale jibu linapokosekana, uvumi unachukua nafasi yake. Barabara zikafungwa, polisi wakaja, na mwanzo wa mwaka wa 2015 mutu moja alikufa katika fujo hizo. Mwezi wa pili wa 2016 kampuni ikatangaza kwamba muradi umekwisha: pesa ilikuwa imeliwa na kuchelewa. Kampuni ilipata hasara. Wakulima walibaki na mashamba yao, lakini pia na kifo cha mwenzao na uchungu kati ya majirani.

Turkana: minara inazunguka, kesi nayo

Karibu na ziwa Turkana, kaunti ya Marsabit, minara 365 imesimama kweli. Inaweza kutoa megawati 310, na raisi wa Kenya aliifungua mwaka wa 2019. Lakini udongo ule, karibu hekta 60,000, ulikuwa wa jamii za wafugaji, sawa vile mashamba yetu mengi ni ya desturi. Mwaka wa 2014 watu wa jamii hizo walienda tribinali. Mwaka wa 2021 majaji wa Meru wakasema kwamba hati za udongo huo zilitolewa bila kufuata sheria, juu jamii hazikuulizwa inavyopaswa. Mashine zilikuwa zimekwisha kusimama zamani. Kuuliza nyuma ya kujenga ni bei kali kwa wote.

Kipeto: njia ingine

Kusini ya Nairobi, kaunti ya Kajiado, kuko minara 60 ya Kipeto, inayotoa megawati 100 tangu 2021. Pale jamaa za Wamasai zilibaki na hati zao. Zinakodisha tu nafasi, na ng'ombe wanaendelea kula majani chini ya minara. Walioishi karibu sana walijengewa nyumba mupya, na mufuko wa jamii uliwekewa sehemu yake ya 5 kwa mia. Upepo ni ule ule na mashine ni za namna moja. Kilichobadilika ni mapatano.

Na sisi?

Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa Serikali. Wengi wanasikia hapo tu na kukata tamaa. Lakini sheria ile ile inaomba uchunguzi mbele ya kutoa udongo wa vijiji kwa mutu: kupima mipaka, kuandika watu walio pale na kazi wanazofanya, na kusikiliza wenye malalamiko, hata ya mudomo. Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inalinda mali ya mutu moja na ya kundi, hata ile ya desturi. Serikali ikichukua mali kwa faida ya wote, inapaswa kulipa malipo ya haki, na kulipa mbele ya kuchukua.

Basi, wageni wakifika, koperative iulize:

1. Munataka hekta ngapi, na mipaka inapita wapi? Twende tuikanyage kwa miguu.
2. Munanunua ao munakodisha? Miaka ngapi? Nani ataondoa mashine zikizeeka?
3. Jirani asiye na munara shambani mwake atapata nini?
4. Mazao na miti yetu italipwa kwa bei gani, na lini?
5. Umeme utafika kwetu, ao utapita tu juu ya vichwa vyetu?

Mukataba usomwe kwa Kiswahili ao kwa luga ya kijiji, mbele ya mukutano mukubwa, wamama na vijana wakiwemo. Kopi moja ibaki katika sanduku ya koperative. Wala chefu, wala prezida wa koperative, asitie sahihi peke yake usiku. Na mutu akisema karatasi haiwezi kungoja hata juma moja, hapo ndipo tungoje mawili.

Wazee walisema: mugeni njoo, mwenyeji apone. Hatufungii mugeni mulango. Tunamupa kiti, tunamusikiliza, kisha tunamuuliza namna gani mwenyeji atapona.