Jeshi Dogo la Luxembourg na Kazi Yake

Katika bara la Ulaya, katikati ya Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani, iko nchi ndogo iitwayo Luxembourg. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 2,586, yaani hauzidi sana ule wa visiwa vya Unguja na Pemba vikiunganishwa pamoja. Wenyeji wake hawafiki milioni moja. Nchi hiyo haina kifaru hata kimoja, wala ndege ya kupigana, na askari wake ni kama elfu moja tu. Aghalabu mtu asikiapo habari hiyo huuliza: Jeshi la namna hiyo lafaa nini? Watu wa Luxembourg wenyewe walikwisha kujiuliza swali hilo, na jawabu lao walilipata kwa gharama kubwa.

Zamani mji wao mkuu ulikuwa ngome yenye sifa kote Ulaya. Mwaka 1867, Ufaransa na Prussia zilipokaribia kupigana kwa ajili ya ngome hiyo, mataifa makubwa yalikutana London yakapatana kwamba Luxembourg isiwe upande wa taifa lo lote vitani, na ngome ibomolewe. Ikabomolewa. Baada ya hapo nchi ilibaki na kikosi kidogo cha askari wa kujitolea pamoja na polisi, kazi yao kulinda utulivu wa ndani na kusimama gwaride siku za sherehe. Ulinzi hasa ulikuwa ile karatasi iliyotiwa sahihi London.

Mwezi wa Agosti 1914 Wajerumani waliipita karatasi hiyo bila kujali. Vita vya pili vilipokaribia, serikali ilijenga mipakani, penye barabara na madaraja, vizuizi vya zege vyenye milango ya chuma. Ilikuwa kama mtu anayefunga komeo huku jirani yake ameshika shoka. Tarehe 10 Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yaliingia, na nchi yote ikatwaliwa karibu katika siku moja. Grand Duchess Charlotte, mtawala wa nchi, alikimbilia ng'ambo pamoja na mawaziri wake.

Lakini msiba mkubwa zaidi ulikuja baadaye. Mwezi wa Agosti 1942 Wajerumani walitangaza kwamba vijana wa Luxembourg lazima waingie katika jeshi la Ujerumani. Watu waligoma viwandani, mashuleni na maofisini; watu 21 waliuawa kwa sababu ya mgomo huo. Vijana zaidi ya 10,000 walivikwa sare ya adui kwa nguvu, na wengi wao hawakurudi. Hivyo nchi iliyokataa kuwa na jeshi la maana iliishia kutoa askari kwa ajili ya jeshi la mwingine.

Ndiyo maana mwishoni mwa mwaka 1944, vita havijakwisha bado, serikali ilitoa sheria ya kila kijana kutumikia jeshi. Mwaka 1948 ile desturi ya kutokuwa upande wo wote ilifutwa katika katiba, na mwaka 1949 Luxembourg ikawa mojawapo ya nchi zilizoanzisha Mapatano ya NATO. Askari wake wachache walipigana Korea, wakiwa ndani ya batalioni ya Ubelgiji, na wawili walikufa huko. Sheria ya kulazimisha vijana ilifutwa mwaka 1967. Tangu hapo askari wote ni wa kujitolea.

Kambi yao iko juu ya kilima cha Herrenberg, karibu na mji wa Diekirch. Kazi yao kubwa ni upelelezi wa vita: kwenda mbele, kumtazama adui, na kuleta habari kwa majeshi makubwa ya rafiki zao. Kwa kazi hiyo mizinga mizito ingekuwa mzigo tu. Wametumia magari mepesi ya Kimarekani aina ya Humvee, mengine yakibeba makombora ya TOW ya kuvunjia vifaru, na magari ya deraya aina ya Dingo, ambayo yametengenezwa ili mabomu ya ardhini yasiwadhuru waliomo. Wanayo pia mizinga midogo ya milimita 81 ya kutupia makombora, na bunduki za rashasha. Mwaka 1922 hakuna ambaye angeliota kikosi chenye silaha hizo. Mwaka 2022 serikali iliagiza magari mapya 80 aina ya Eagle V, yashike mahali pa Humvee na Dingo.

Wametumwa Kosovo, Afghanistan na Mali, na tangu 2017 hupelekwa Lithuania pamoja na majeshi ya NATO. Nyumbani husaidia raia wapatwapo na maafa, kama yale mafuriko ya Julai 2021. Shida yao kubwa si fedha, maana nchi ni tajiri, ni watu. Kijana apataye mshahara mzuri benki havutwi upesi na kambi. Kwa hiyo askari aliyemaliza muda wake hupewa nafasi ya mbele katika polisi, forodha na kazi nyingine za serikali, na tangu 2003 wakaaji watokao nchi nyingine za Umoja wa Ulaya huruhusiwa kuandikishwa. Pia Luxembourg na Ubelgiji zimepatana kuunda batalioni moja ya upelelezi, ambayo makao yake yatakuwa Arlon, ng'ambo kidogo ya mpaka.