Nondo Zikae Juu au Chini? Kiswahili katika Masomo ya Uhandisi Ujenzi

Uhandisi ujenzi ni taaluma inayoshughulikia usanifu na ujenzi wa majengo, barabara, madaraja, gati na mifereji. Nchini Kenya mwanafunzi huisomea chuo kikuu kwa miaka 5. Huanza na hisabati, fizikia na uchoraji, kisha akajifunza nguvu za vifaa vya ujenzi, tabia za udongo, mwendo wa maji, upimaji wa ardhi na usanifu wa miundo ya zege na chuma. Masomo hayo hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Ndivyo ilivyokuwa Chuo cha Ufundi cha Kifalme cha Nairobi kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, na ndivyo ilivyokuwa Dar es Salaam pia, ambako Kitivo cha Uhandisi kilianza mwaka 1973. Makala hii inaeleza kwa nini hali hiyo inatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili, wala si wahandisi peke yao.

Tuchukue mfano wa Asembo Bay, kituo cha wavuvi katika Kaunti ya Siaya, kwenye Ghuba ya Winam. Tuseme mwanafunzi wa mwaka wa nne ametumwa huko kwa mafunzo ya vitendo, mahali panapojengwa duka. Mafundi wenyeji huzungumza Kijaluo. Wakiwapo vibarua kutoka Vihiga au Kisii, kazi huendeshwa kwa Kiswahili. Fundi mkuu, ambaye vijana humwita Jaduong' kwa heshima ya umri wake, ana msamiati wake kamili: kokoto, karai, mwiko, timazi, pimamaji, msingi, boriti. Hana haja ya kufundishwa majina ya vitu. Kinachokosekana ni lugha ya kueleza sababu.

Mbele ya duka hilo pana kibaraza ambacho paa lake la zege limejitokeza nje ya ukuta bila nguzo. Ieleweke kwamba zege hustahimili sana kubanwa, lakini hupasuka upesi ikivutwa. Kwa hiyo hutiwa nondo upande ule unaovutwa. Boriti iliyolazwa juu ya kuta mbili hubonyea katikati. Upande wake wa chini ndio unaovutwa, na nondo kuu hukaa chini. Kinyume chake, paa lililojitokeza huinama kwenye ncha iliyo huru; upande wa juu ndio unaovutwa, na nondo kuu sharti zikae juu. Fundi aliyezoea boriti akiziweka chini, paa hilo laweza kuanguka siku ile ile mbao zilizolishikilia zinapoondolewa.

Mwanafunzi wetu anaijua hesabu hiyo barabara. Lakini Jaduong' anapomuuliza, "Mbona kule nondo zilikuwa chini, na hapa unataka zipande juu?" anakosa maneno. Anajibu, "Ramani inasema hivyo." Jibu hilo linaamuru, halielezi. Fundi atatii leo. Kesho atakapojenga kwingine pasipo mhandisi, atarudia mazoea yake, na watakaokaa chini ya paa lile hawatajua.

Je, Kiswahili kina upungufu? Aya zilizotangulia zimeeleza kanuni hiyo kwa vitenzi viwili tu, bana na vuta, katika kauli ya kutendwa. Aidha, unominishaji wetu unatupa mbano kutokana na bana, mpindo kutokana na pinda, na mkato kutokana na kata. Yupo atakayesema kwamba mkato ni alama ya uakifishaji na kwamba mkazo ni wa silabi. Hoja hiyo haina uzito. Kiingereza chenyewe hutumia neno moja kwa mkazo wa silabi na kwa mkazo wa chuma, wala wahandisi wake hawakanganyikiwi. Tatizo letu si uhaba wa maneno, bali ni kwamba hatujakubaliana ni neno lipi litumike wapi.

Lugha hiyo inahitajika pia katika kusikiliza. Maji ya Ziwa Victoria yalipanda kwa zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964, na mafuriko ya ufuoni yakarudi mwaka 2020 na 2024. Vipimo vya kina cha ziwa hutunzwa vituoni. Lakini mti ambao maji yaliufikia katika kiwanja fulani unaweza kuwa umebaki katika kumbukumbu ya wazee tu. Mhandisi asiyeweza kuwauliza na kuwaelewa huenda akachimba msingi mahali ambapo ziwa limewahi kufika.

Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tunapendekeza basi kwamba idara za uhandisi na za Kiswahili ziandae kozi fupi, inayotolewa kabla ya mafunzo ya vitendo, ambamo mwanafunzi atapimwa kwa kumweleza fundi michoro yake. Nasi wanafunzi wa Kiswahili, kabla ya kubuni istilahi mezani, twende kwanza penye ujenzi tukaandike maneno ambayo mafundi wanayo tayari. Siku mwanafunzi atakapoweza kumjibu Jaduong', "Juu ndiko kunakovutwa," fundi huyo atakuwa amepata kanuni ya kwenda nayo katika kila jengo.